Aliyeshika Ncha ya Pili

Namba ya kwanza ambayo Elihuruma hakuisoma kwa macho yake mwenyewe ilikuwa futi arobaini na moja na nusu. Alikuwa amepiga goti mlangoni mwa ukumbi wa mahakama ya zamani, ghorofa ya pili, ameshika ncha ya utepe wa kupimia. Tepu yenyewe aliiacha upande wa pili wa ukumbi, juu ya meza ya jaji, ameikandamiza kwa tofali. Akauvuta utepe ukakaza. Kutoka kule mezani sauti ikasema kwa Kiswahili, polepole, kama ya mtu aliyezoea kazi hiyo, "Arobaini na moja na nusu."

Elihuruma akaandika kwenye daftari, akasema asante. Ndipo penseli iliposimama, maana alikuwa peke yake.

Ilikuwa saa tano asubuhi, katikati ya Novemba 1996, na jua la baridi lilijaa madirishani. Meza ya jaji ilionekana yote, na tofali lake, na vumbi lake. Hapakuwa na mtu. Palikuwa na harufu tu, kama ya mshumaa uliozimwa sasa hivi, na baada ya muda nayo ikaisha.

Elihuruma alikuwa mtu wa Machame. Alikuja Minnesota kusoma usanifu wa majengo, akamaliza, akaajiriwa na ofisi ndogo ya Saint Louis Park iliyohifadhi majengo ya kale. Mahakama hii ilikuwa ya kaunti moja kusini mwa mto, nusu saa kwa gari kutoka Apple Valley alikoishi na mkewe Ernestina na binti yao Doris. Ilijengwa mwaka 1871 kwa mawe ya chokaa, na kwa miaka mia moja watu waliinua mkono wa kulia mle ndani wakaapa: wezi wa farasi, ndugu waliogombania mashamba, wanawake waliowakimbia waume zao. Mwaka 1973 kaunti ikajenga mahakama mpya, na hii ikageuzwa stoo ya viti vibovu na vibao vya barabarani. Sasa wakubwa wa kaunti walitaka kuibomoa wapate maegesho ya magari, na Chama cha Historia kilitaka iingizwe kwenye orodha ya majengo yanayolindwa na sheria. Ili iingie, michoro yake yote ilipaswa kufika kwa kaunti kabla ya Desemba, na kazi ya michoro ilikuwa ya Elihuruma.

Shida ilikuwa ule ukumbi. Jengo zima lilikubali kupimwa isipokuwa ukumbi wa mahakama. Jumatatu alipata futi arobaini na inchi kumi, Jumanne arobaini na moja na inchi tatu, Jumatano akarudi kwenye arobaini. Alibadilisha tepu. Alipima asubuhi, akapima mchana, kwa hofu kwamba labda mbao zinatanuka kwa joto la boila. Kila jumla aliyoipata kwa ndani ilikataa kulingana na kuta za nje. Mkuu wake, mwanamke mmoja mpole wa maneno aliyeitwa Susan, alimrudishia michoro mara tatu, kila mara imezungushiwa wino mwekundu mahali palepale, na kila mara alimwambia kwa upole uleule kwamba apime tena. Elihuruma aliomba mtu wa kumshikia tepu upande wa pili. Akajibiwa kwamba watu wote wako kwenye kazi nyingine.

Kwa hiyo siku aliyosikia ile sauti, kitu cha kwanza kumpanda kilikuwa hasira. Alidhani anachezewa. Alizunguka ukumbi mzima, akachungulia chini ya meza, ndani ya kizimba cha shahidi, nyuma ya viti vya wale wananchi kumi na wawili waliokuwa wakiamua kesi. Kisha akateremka hadi chini kabisa kwenye boila, kwa Alamin Shee, Mkenya wa Lamu aliyeajiriwa na kaunti kuangalia joto la jengo na kusafisha theluji. Akamuuliza kama alikuwa amepanda juu.

"Mimi huko juu sipandi, kaka," alisema Alamin, bila kuinua macho kutoka kwenye bomba alilokuwa akilikaza. "Kazi yangu inaishia ngazi ya kwanza. Niliwaambia tangu siku waliyoniajiri."

Elihuruma aliona huo ni uvivu tu, akaondoka.

Jioni hiyo, ofisini, alijaribu ile namba. Ikaingia. Ukuta wa nje, ukuta wa ndani, unene wa mawe, kila kitu kikafunga bila kubaki hata nusu inchi. Alikaa akiutazama mchoro, na nafuu aliyoisikia ilikuwa kubwa kuliko woga.

Kesho yake alirudi, akaweka tepu juu ya meza ya jaji, akavuta ncha hadi kwenye dirisha la tatu, akangoja. Aliona aibu kungoja. Sauti ikasoma. Siku ya pili hakuhitaji tena tofali. Alipovuta utepe ukipinda, ulinyooshwa upande wa pili kwa kuguswa kidogo, kama anavyofanya msaidizi mzuri ambaye hahitaji kuelekezwa. Hakusikia hatua hata mara moja. Namba zilikuja na harufu ya mshumaa ikaja nazo, na katika siku tatu alimaliza kazi iliyomshinda kwa mwezi mzima. Hakumwambia Ernestina. Angeanza vipi?

Michoro ilipokamilika ilibaki karatasi moja ya kutia saini. Ilisema kwamba vipimo hivi vimechukuliwa na mwenye saini kwa mkono wake mwenyewe, na kwamba anaapa ni vya kweli. Susan alitaka saini iwekwe palepale ukumbini, juu ya meza ya jaji, ili Chama cha Historia wapate picha ya kuweka kwenye jarida lao. Mpiga picha akamwomba Elihuruma ainue mkono wa kulia, kwa mzaha tu, kama shahidi wa zamani, na aisome ile karatasi kwa sauti. Akaisoma. Wote wakacheka. Taa ya kamera ilipowaka, tepu iliyokuwa kiunoni mwake ilijizungusha ndani ya kasha lake, krrr, fupi, ikanyamaza.

Wiki moja baadaye Ernestina alimlalamikia kwamba amemnunulia Doris suruali ndefu mno. Doris alikuwa na miaka sita, mtoto mwenye afya, anaelewa Kiswahili chote na kujibu kwa Kiingereza. Pindo za suruali zilikuwa zinaburuta. Elihuruma akasema suruali ileile mtoto aliivaa Oktoba ikamfika vizuri. Wakabishana kidogo, wakaacha. Siku mbili baadaye mikono ya koti ilifunika vidole vyake.

Kwenye fremu ya mlango wa jikoni walikuwa wanaweka alama za penseli za urefu wake tangu alipojua kusimama. Ernestina akamsimamisha. Kichwa cha Doris kilikuwa chini ya alama ya Agosti kwa inchi nzima na robo.

"Umeiandika vibaya ile ya Agosti," alisema Ernestina.

"Niliandika mimi, na kupima ndiyo kazi yangu."

"Basi umekosea kazi yako, Baba Doris, maana watoto hawapungui."

Jumamosi, saa tatu asubuhi, Elihuruma alikuwa bafuni ananyoa ndevu, Ernestina ameenda kazini hospitali alikokuwa muuguzi, na Doris anacheza chumbani kwake na wanasesere. Mlango wa chumba ulikuwa wazi. Kwanza ilikuja harufu, na mkono wake wenye wembe ukasimama shavuni kwa sababu pua ilitambua kabla ya akili kutambua, kisha ikaja ile krrr ya utepe unaotoka kwenye kasha, ndefu safari hii, bila haraka, na kutoka chumbani kwa mtoto ile sauti tulivu ya msaidizi asiyehitaji kuelekezwa ikasema kwa Kiswahili safi, "Arobaini na nne na robo."

Alipofika mlangoni Doris alikuwa amesimama wima ukutani, visigino vimebana, kidevu juu, peke yake. Akamwambia baba yake kwa Kiingereza kwamba yule bwana anapenda asimame hivyo, asipumue.

Walikwenda kwa daktari. Daktari akatazama faili la mtoto, akapima, akakuta inchi arobaini na nne na robo, akasema muuguzi aliyempima kliniki mwezi Agosti alikosea. Walirudi baada ya siku mbili akakuta amepungua tena, akasema safari hii mtoto amesimama vibaya. Ernestina, ambaye kupima wagonjwa ilikuwa kazi yake ya kila siku, aliomba Doris apimwe mara ya pili mbele ya macho yake. Daktari alipima mara ya pili, akapata ileile, akawaeleza kwa uvumilivu kwamba wazazi wa ugenini huwa na wasiwasi, akawapa karatasi yenye jina la mtu wa kuzungumza naye kuhusu wasiwasi. Ernestina akatangulia kwenye gari. Pale akaupiga usukani kwa kiganja, mara moja, akaliwasha gari.

Mchungaji Zachariah wa usharika wa Watanzania alikuja akaomba nao kwa saa mbili, kwa moyo wote. Doris alilala vizuri. Asubuhi Ernestina alimpima yeye mwenyewe, kwa rula ya chuma. Sehemu moja ya nane ya inchi ilikuwa imekwenda, kama jana, kama juzi. Hapo ndipo Elihuruma alipomweleza mkewe yote. Aliposikia kuhusu tepu na meza ya jaji, Ernestina aliweka rula chini.

"Ulikuwa na watu wangapi wa kuwaambia?" aliuliza. "Ukachagua kunyamaza."

Elihuruma akachukua koti lake. Siku hiyohiyo alikwenda chini kwenye boila, akamwomba Alamin msamaha kwa jambo ambalo Alamin hakujua kwamba alikosewa. Alamin alimsikiliza mpaka mwisho, akafunga sanduku la vifaa, akasema atampeleka, yeye na mkewe, kwa mama yake.

Mama yake Alamin aliitwa Bimkubwa, na duka lake lilikuwa Frogtown, kwenye barabara ya University, kati ya kinyozi wa Kivietnamu na fundi wa matairi. Aliuza leso, ubani, viungo na kadi za simu. Marehemu babake alikuwa mwalimu wa kuzingua watu waliopandwa na majini huko Lamu, na alichokijua baba alikirithi binti, ingawa hakukitangaza. Aliwakaribisha chumba cha nyuma, akawapa kahawa ya tangawizi. Alimsikiliza Elihuruma, na alipomaliza hakumuuliza kuhusu mtoto. Aliuliza kuhusu karatasi.

"Hiyo karatasi ilisemaje, mwanangu? Neno kwa neno."

Elihuruma akamwambia.

"Na uliisoma kwa sauti?"

"Niliisoma, mama. Nimeinua mkono."

"Wapi?"

"Palepale. Juu ya meza ya jaji."

Bimkubwa akaweka kikombe chini. "Nyumba hiyo imeapiwa miaka mia," alisema. "Kila siku mtu anaapa, na katika kumi watano wanaapa uongo. Wako majini wanaokaa panapoapwa, kama nzi anavyokaa buchani. Huyo amekuwa humo tangu babu zao, anaupima huo ukumbi, ndiyo maana haukubali tepu ya mtu. Wewe ukamkuta. Akakusaidia, hilo peke yake si kitu. Lakini ulisema kwa ulimi wako kwamba mkono uliopima ni mkono wako. Basi amekuwa mkono wako. Uendapo anakwenda, na anapima. Na akikipima kitu, kinapungua."

"Mpaka lini?" aliuliza Ernestina.

"Mpaka pasibaki cha kupima."

Alamin aliangalia sakafu.

Bimkubwa akasema kazi ya kusoma na ya kombe, maji ya aya zilizoandikwa kwa zafarani yanayonyunyizwa kwenye kuta zote nne, ataifanya yeye, lakini hizo ni za kumtoa jini aliyefunguliwa, na huyu hajafunguliwa. Wa kumfungua ni aliyeapa. Arudi mahali palepale, mbele ya watu kama walivyokuwapo watu, aseme kwa sauti kwamba mkono uliopima si wake.

Ilionekana jambo rahisi. Elihuruma alitoka pale akiwa na nguvu kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, na kesho yake asubuhi akaingia ofisini kwa Susan kumwambia kwamba anataka kuondoa saini. Susan akamwambia kwamba wakaguzi wawili wamelinganisha michoro na kuta za nje na hawajaona kosa hata moja, kwamba ni michoro safi kuliko yote iliyopata kutoka ofisi hiyo. Elihuruma akasema hakupima yeye. Susan akauliza nani alipima, naye hakuweza kusema. Susan akamshauri apumzike.

Akaenda kwa kaunti. Karani akamwonyesha fomu ya kurekebisha maombi, akaijaza, akairudisha, akaambiwa fomu hiyo ni ya kurekebisha makosa na yeye hana kosa la kurekebisha. Fomu ya kuondoa kiapo ni nyingine, nayo huchukua wiki nane. Alisimama pale dirishani akifanya hesabu ambayo hakutaka kuifanya. Kwa wiki nane mtoto wake angekuwa na urefu wa mtoto wa miaka mitatu, na hakuna aliyejua ndani mwake moyo na mapafu vingekaaje. Akaomba basi wamfungulie ukumbi kwa dakika kumi tu, aingie na mkewe na rafiki wawili. Haikuwezekana. Chama cha Historia kilikuwa kimepaka sakafu nta mpya na kubadilisha vitasa, na ukumbi usingefunguliwa mpaka siku ya kikao cha hadhara, Desemba kumi na sita. Hata Alamin alinyang'anywa ufunguo.

Alingoja siku kumi na moja. Kila asubuhi ile krrr ilisikika chumbani kwa Doris, na kila asubuhi Ernestina aliingia mbio, akamkuta mtoto amesimama ukutani. Walimhamishia chumbani kwao. Ikaja chumbani kwao. Doris alianza kuchoka kupanda ngazi, na shuleni wakamrudisha na barua inayosema viatu vyake si vya saizi yake.

Kikao kilianza saa nane mchana. Ukumbi ulijaa kwa mara ya kwanza baada ya miaka ishirini na mitatu, wajumbe wa kaunti wamekaa juu, michoro imetundikwa ukutani, na tepu ya Elihuruma imewekwa juu ya meza ya jaji pamoja na daftari lake kama maonyesho. Mlangoni mlinzi alimzuia Bimkubwa na chetezo chake, kwa sababu moto hauruhusiwi ndani ya jengo la kihistoria. Akamwachia chetezo. Lakini tangu alfajiri alikuwa amefukiza buibui lake na mtandio kwa ubani na udi, na alipopita kati ya viti watu waligeuza vichwa.

"Moshi wamenizuilia," alimnong'oneza Elihuruma. "Harufu nimeingia nayo."

Susan alizungumza vizuri. Mwenyekiti akasifu michoro, akamwomba Elihuruma asimame athibitishe kwamba ni yake, jambo la sekunde mbili, kisha wapige kura.

Elihuruma akasimama. Nyuma yake, kando ya ukuta, alisikia Bimkubwa ameanza kusoma kwa sauti ya chini, akinyunyiza kombe la zafarani na marashi kutoka kwenye chupa ndogo, na viatu vyake vikienda taratibu kuelekea kona ya kwanza.

"Mkono uliopima ukumbi huu si wangu," alisema Elihuruma.

Watu wakatazamana. Mabomba ya boila yakagonga ndani ya kuta. Kutoka kwenye meza ya jaji sauti ikasema, kwa utulivu, "Arobaini na mbili," na Elihuruma alijua namba hiyo ni ya nani, kwa sababu asubuhi hiyo rula ya chuma ilikuwa imesema arobaini na mbili na nusu.

Mwenyekiti akamuuliza ana maana gani. Susan alikuwa amesimama, uso umemwiva. Mlinzi alikuwa ameanza kumfuata yule mwanamke mwenye chupa, ambaye alishapita kona ya pili na alikuwa akielekea ya tatu bila kuongeza wala kupunguza mwendo, na mwanga madirishani, ambao ulipaswa kubaki kwa saa mbili zaidi, ulianza kunywea kama maji yanayonyonywa na mchanga, na harufu ya mshumaa ikapanda juu ya harufu ya ubani na ya nta ya sakafu na ya makoti yaliyolowa theluji mpaka Elihuruma akahisi anaimeza, na sauti ikaendelea kusoma, arobaini na moja, arobaini, thelathini na tisa, haina haraka na haina chuki, kama mtu anayemaliza kazi aliyopewa, na katikati ya namba na namba alisikia, au alidhani anasikia, umbali wa maili kumi na tano, kule nyumbani, Ernestina akimwita mtoto wao kwa jina.

"Nilisema uongo," alisema. Sauti yake ilitoka kubwa kuliko alivyokusudia. "Niliinua mkono hapa nikasema nilipima mwenyewe. Sikupima. Aliyepima simjui na sikumwona. Si mkono wangu."

Mlinzi alikuwa amemshika Bimkubwa bega, anamvuta kuelekea mlangoni. Alikuwa bado hajafika ukuta wa nne. Alipopita karibu na Elihuruma alikatiza kisomo kwa neno moja.

"Maliza."

"Si mkono wangu," alisema Elihuruma kwa mara ya tatu, kwa Kiingereza kwanza ili waelewe wao, kisha kwa Kiswahili ili aelewe yule. "Nakukana. Toka kwangu."

Tepu juu ya meza ya jaji ikafunguka. Hilo kila mtu aliliona. Utepe ulitoka kwenye kasha ukateremka mezani, ukapita sakafuni kati ya miguu ya watu, futi kwa futi, mpaka mlangoni, ukaisha, ukalala. Mabomba yakanyamaza. Mwanga ukarudi madirishani, na mtu mmoja akakohoa.

Kesho yake Elihuruma alifukuzwa kazi. Ilisemekana amehongwa na wanaotaka maegesho, na kwamba ile tepu ilikuwa kiini macho cha kuharibu kikao. Watu wa Chama cha Historia waliokuwa wakimwalika chakula hawakupokea tena simu zake. Alamin alihamishiwa karakana ya magari ya theluji. Lakini asubuhi hiyo Doris alipimwa akakutwa na inchi arobaini na mbili na nusu, kana kwamba namba zilizosomwa ukumbini zimefutika, na asubuhi iliyofuata vilevile, na mwishoni mwa Januari rula ikaonyesha amepanda unywele mmoja. Ernestina alikaa chini kwenye sakafu ya jikoni akalia mpaka mtoto akaja kumshika kichwa.

Elihuruma alimpelekea Bimkubwa shukrani. Alizipokea, lakini hakuwa na furaha.

"Wewe amekuachia," alisema. "Pale hajatoka. Walinitoa kabla ya ukuta wa nne."

Kaunti iliahirisha kura, ikaleta mtu mwingine kupima upya. Elihuruma alimngojea nje kwenye theluji. Alikuwa mwanamke wa Kimeru aitwaye Nkatha, mhandisi kijana, mjamzito wa miezi mitano. Alipogundua kwamba wanaweza kuongea Kiswahili, Elihuruma alidhani sasa mambo yatakuwa mepesi. Alimweleza taratibu, bila kuficha kitu. Nkatha alimsikiliza kwa adabu, ameshika mlango wa gari.

"Kaka, mimi nimepima mwenyewe," alisema. "Na nishamaliza. Nime-submit jana."

Alisema hivyo akiwa hamtazami. Elihuruma akamwandikia namba ya simu yake nyuma ya risiti, akamwomba aitunze. Nkatha akaitia mfukoni, akaendesha gari akaondoka.

Mwezi wa pili jengo likaingizwa kwenye orodha ya kulindwa. Gazeti la kaunti liliweka picha. Elihuruma aliandikia Chama cha Historia barua mbili, kaunti barua tatu. Jibu lilikuja moja, lililomshukuru kwa kupendezwa kwake na urithi wa kaunti.

Simu ililia Jumapili ya pili ya Machi, wametoka kanisani. Mtu aliyepiga hakusalimu.

"Ilikuwa inanisomea kwa Kimeru," alisema Nkatha. "Kama nyanya yangu anavyosema namba. Nilidhani ni uchovu."

Elihuruma akamuuliza alitia saini wapi.

"Pale juu. Kwenye meza. Walitaka picha." Akasikika akifunga mlango. "Wiki iliyopita kliniki wamepima mtoto. Juzi wamepima tena. Wanasema nimekosea tarehe zangu. Sijakosea tarehe, kaka."

Alisema ameshakwenda kwa kaunti kuomba aingie ukumbini. Jengo limefungwa kwa matengenezo mpaka ufunguzi rasmi mwezi wa tano. Mlango wa mbele ni mwaloni uleule wa 1871, na kuuharibu sasa ni kosa la jinai.

Ernestina alikuwa amesikia vya kutosha. Alikuwa ameshavaa koti, anampigia Bimkubwa kwa simu ya jikoni, akimwambia kwamba watampitia, naye awaite majirani wowote watakaokubali kuwa mashahidi. Elihuruma akamwambia Nkatha atoke nyumbani sasa hivi, wakutane kule. Kisha akaenda gereji, akasogeza maboksi ya michoro yake ya zamani, akatafuta mtaimbo.